Vyote vya Kushoto

Vipande vya mbele vilikuwa sitini na vinne, vimepangwa juu ya meza ya kukatia kwa unadhifu ambao ungemfanya asiyejua kushona atoe pongezi. Kingo zilinyooka, shingo zilikatwa kwa mviringo mmoja, na hakuna hata uzi uliochomoza. Bi Chaki aliinua kipande kimoja akakiegemeza kifuani pake. Akainua cha pili akakiweka ubavuni mwa cha kwanza. Alichukua cha tatu. Alichukua kingine kutoka chini kabisa ya rundo la mwisho, huku akiomba kimoyomoyo. Vyote vilikuwa vya kushoto.

Yalikuwa makoti thelathini na mawili, meupe, ya madaktari wa hospitali kuu. Kitambaa chake kilikuwa kizito, chenye vistari vya mshazari, na kilikuwa na uso na mgongo: uso una mng'ao, mgongo umefifia. Kitambaa cha namna hiyo hutandazwa tabaka juu ya tabaka, nyuso zote zikitazama juu. Kisha mkataji huweka karatasi ya kipande cha mbele, akaizungushia chaki, akaigeuza kifudifudi, akaizungushia tena. Mara ya kwanza hutoka kushoto, mara ya pili hutoka kulia. Ni jambo ambalo mwanagenzi hufundishwa siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Bi Chaki alikuwa ametandaza tabaka kumi na sita, akaiweka karatasi mara nne, na hakuigeuza hata mara moja.

Miaka ishirini na mitatu alikuwa mkuu wa meza ile. Jina lake la kuzaliwa walilijua wachache. Wengine wote walimwita kwa chaki aliyoichomeka sikioni tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa na mdomo, tena mdomo mkali. Wanagenzi walioandika KUSHOTO na KULIA kwenye karatasi zao aliwafutia maandishi mbele ya watu na kuwaambia, "Ukihitaji kuandikiwa mkono wako ulipo, nenda kauze maji." Sasa alisimama mbele ya kazi ya mikono yake na hakupata la kujiambia.

Wa kwanza kuona alikuwa Vifungo, fundi wa mashine ya vitundu vya vifungo, mtu ambaye hata msibani hufunga mdomo kwa shida. Alisogea, akapima kwa jicho, akapiga mluzi.

"Dada, haya makoti ni ya madaktari wenye mikono miwili ya kushoto?"

Akacheka, na kicheko kikamfia kooni. Karakana nzima ilijua ni titi lipi la Bi Chaki lililoondolewa. Macho yake yalikimbilia darini, yakashuka sakafuni, yakakosa pa kukaa.

"Cheka tu," Bi Chaki alimwambia. "Angalau hapa vya kushoto vimezidi."

Cherehani tisa zilinyamaza moja baada ya nyingine, na msimamizi wa karakana, mwanamke aliyeitwa Madamu hata na waliomzidi umri, akatoka ofisini kuuliza kulikoni. Hakufoka. Alitazama, akapitisha kiganja juu ya rundo, kisha akachukua vipande thelathini na viwili, akavigeuza vyote mgongo juu. Sasa vilikuwa vya kulia.

"Nani atajua?" aliuliza.

"Upande mmoja utafifia," Bi Chaki alisema. "Vistari vitapanda huku na kushuka kule."

"Nimeuliza nani atajua."

"Mimi."

"Basi wewe usimwambie mtu." Madamu alimshika bega, na ule ushikaji wake wa upole ndio uliomuuma. "Umechoka, mwenzangu. Kuanzia leo kaa na nyuzi kidogo. Vifungo atashika mkasi mpaka upate nguvu."

Kukaa na nyuzi maana yake ni kukaa kwenye stuli karibu na mlango, na kimkasi cha ukubwa wa kidole, kukata nyuzi zilizobaki kwenye nguo zilizokwisha kushonwa. Ni kazi ya wanaoanza na ya wanaoondoka. Bi Chaki aliuvua mkasi wake mkubwa shingoni, ulikoning'inia kwa utepe, akamkabidhi Vifungo. Vifungo aliupokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, dada."

"Koleo halijavunjika," alimjibu. "Koleo halijalala."

Hilo ndilo lililokuwa neno la kweli asubuhi ile. Saratani yenyewe walikuwa wameiita kwa jina, wakaikata, wakaipiga dawa za mshipa, wakaichoma kwa mionzi, kisha wakampa mkono wa pongezi. Kilichobaki kilikuwa kidonge kimoja cheupe kwa siku, kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto, cha kumezwa kwa miaka mitano ili ugonjwa usipate njia ya kurudi. Kidonge hicho ndicho kilicholeta joto. Halikuwa joto la hali ya hewa, ambalo mtu akilalamika hupata wa kulalamika naye. Lilianzia kwenye kovu, likapanda shingoni, likafika masikioni, na kabla hajapata kujifunua, gauni la kulalia lilikuwa limelowa na mto umelowa. Kisha likaondoka, likamwacha akitetemeka kwa baridi na kulivuta shuka lile lile alilolitupa chini. Saa tano. Saa saba kasoro. Saa nane na robo. Saa tisa na nusu. Kati ya joto na joto kulikuwa na muda wa kutosha kufikiri, lakini si wa kutosha kulala.

Washauri hawakukosekana. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini wenye maneno ni walio hai. Muuguzi alimpa karatasi yenye mashauri: aache chai na pilipili, avae pamba, alale dirisha wazi. Aliacha chai, na asubuhi zake zikapoteza ladha. Alifungua dirisha, na mbu wakamshukuru. Shoga yake alimshauri asifikirie mambo mengi, kana kwamba mawazo ni wageni wanaobisha hodi kwanza. Na wifi yake alipokuja kumjulia hali, alimtazama akijipepea kwa mfuniko wa sufuria, akatikisa kichwa.

"Wenzio tumewazika, wifi. Wewe umebaki, unalalamikia jasho? Mshukuru Mungu, vumilia."

Tangu siku hiyo Bi Chaki aliacha kulalamika, na watu wakaliita jambo hilo kupona.

Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku katika bohari la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mwema, mtaratibu, mtu wa madaftari. Daktari aliposema "kila siku, bila kukosa," yeye alinunua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula, akaandika tarehe kwa mwaka mzima. Kila asubuhi alipoingia kutoka zamu, kabla hajavua buti, aliuliza, "Umemeza?" Bi Chaki akisema "Nimemeza," yeye alichukua kalamu nyekundu na kuweka alama ya vyema. Kisha alilala mpaka adhuhuri, akikoroma kwa raha, wakati mkewe yuko kazini akipigana na kope.

Siri ya daftari jingine, lile ambamo mumewe aliandika mizunguko yake ya zamu, Bi Chaki aliijua peke yake. Usiku mmoja, saa tisa, upweke ulipomfika shingoni, alimpigia simu. Sauti iliyopokea ilikuwa nzito, ya mtu aliyefufuliwa.

"Nipo... nazunguka," mumewe alisema, na nyuma ya maneno hayo kikasikika kiti cha plastiki kikilalama na mwayo mrefu usiozibika. Jioni iliyofuata alimwona mezani, kabla ya kwenda kazini, akijaza mizunguko ya usiku ambao haujaingia: saa tatu vyema, saa nne vyema, saa tano vyema, hadi alfajiri. Bi Chaki alikumbuka kwamba katika nyumba hii mlinzi ndiye anayelala na mgonjwa ndiye anayekesha, akajikuta anacheka peke yake jikoni, kicheko kibaya, mpaka mumewe akauliza kuna nini.

Kuacha kidonge hakukuja kama uamuzi. Siku ya nne ya kukata nyuzi, alikiweka kiganjani, akamtazama mumewe akinawa uso, na mkono wenyewe ukakipeleka mfukoni. Alipofika karakana alikitia katika kopo lake la chaki, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuwa na sababu ya kulifungua. "Umemeza?" "Nimemeza." Vyema. Alijiambia ni siku moja tu, apate usingizi wa usiku mmoja, kesho atarudi kwenye mstari. Kesho yake alijiambia hivyo hivyo.

Wiki ya kwanza haikumpa kitu. Wiki ya pili joto lilianza kusahau saa zake. Wiki ya tatu alilala usiku mmoja tangu saa nne mpaka jua likachomoza bila kugeuka, na alipoamka aliguswa na hofu, akadhani amekufa, kisha akasikia mto mkavu chini ya shavu lake na akalia kwa furaha. Alikuwa amesahau kwamba usingizi una ladha. Mumewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, buti zingali miguuni, anamtazama.

"Sikutaka kukuamsha," alisema. "Nimekaa hapa karibu saa nzima. Mama, hujui nilivyokuwa nakuombea ulale." Akafuta macho kwa mkono wa sare yake, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, akauliza, "Umemeza?"

"Ndiyo kwanza naamka, baba. Nitameza sasa hivi."

"Basi naweka kabisa," akasema, akachukua kalamu.

Mikono yake ilirudi. Ilirudi na ukali wake wote, na mdomo nao ukarudi. Siku moja Vifungo alipokuwa anahangaika na mkono wa koti la mhudumu wa hoteli, Bi Chaki aliinuka kwenye stuli, akaipokea chaki bila kuomba, akachora mkunjo kwa mfyatuo mmoja wa kifundo. Madamu aliyaona hayo kupitia kioo cha ofisi yake. Kesho yake mkasi mkubwa ulikuwa mezani, utepe umefuliwa. Vifungo alirudi kwenye mashine yake, akisema kwamba tangu aushike mkasi ule ameota kushoto na kulia zinamkimbiza barabarani. Wote walicheka, Bi Chaki zaidi ya wote. Wakamwambia amepona, uso umejaa, macho yamekaa mahali pake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa pana, imewekwa lami, na watu wamejipanga pande zote mbili kumpigia makofi.

Lakini alikuwa mtu wa vipimo, na alijua kwamba kila kidonge kinachoingia koponi kimepungua mahali fulani. Wakati mwingine, akiwa katikati ya kukata, mkono ulipanda wenyewe na kupapasa kwapa, kisha shingo, kutafuta uvimbe. Usiku alilala, mchana ndio uliokuwa na macho.

Siku ya kliniki ya hospitali kuu ilimkuta na vidonge arobaini na vitatu koponi. Mumewe alimtia daftari mkobani. "Mwonyeshe daktari," alisema, na kifua kimemtuna. Bi Chaki alitia na kopo. Hakujiuliza kwa nini. Alijiambia tu kwamba hawezi kuliacha karakanani siku asiyokuwapo.

Kwenye benchi la kungojea aliketi karibu na mwanamke mmoja mnene, wa rika lake, aliyekuwa anajipepea kwa kadi yake ya hospitali. Kola ya mwanamke yule ilikuwa imelowa mpaka mabegani. Walisalimiana, wakatazamana vifua kwa namna ambayo wanawake wa benchi lile hutazamana, haraka na bila aibu.

"Wewe mwenzangu huna joto?" mwanamke aliuliza. "Mimi nimechoka. Nimekuja kuwaambia wachukue vidonge vyao. Mwezi wa nne huu sijui usingizi. Jana nilimpiga mwanangu kwa sababu aliacha kijiko kikaanguka. Wewe lako liliisha?"

"Liliisha," Bi Chaki alisema.

"Lilichukua muda gani? Ulifanya nini?"

Naye, bila kufikiri, akasikia kinywa chake kikisema, "Ni uvumilivu tu, dada. Tumshukuru Mungu tumebaki."

Mwanamke aliacha kujipepea. Alimtazama kama mtu aliyenyoosha mkono kuomba maji akapewa wasaa wa kusubiri, akageuza uso. Bi Chaki aliitambua sauti aliyoitumia. Ilikuwa ya wifi yake, neno kwa neno, hata ule mtikiso wa kichwa. Alijichukia pale pale, akatamani aitwe haraka, na akaitwa.

Daktari alikuwa msichana, au ndivyo alivyoonekana, mwenye miwani na vidole vya wino.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Habari za joto? Usingizi?"

"Nalala."

"Unalala! Afadhali. Na dawa?"

Bi Chaki alitoa daftari. Daktari alifunua ukurasa, akafunua mwingine, akavua miwani na kuivaa tena. Safu za vyema nyekundu zilishuka zimenyooka, mwezi baada ya mwezi.

"Mama, hii ni kazi ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Laiti kila mgonjwa angekuwa na mume kama huyu. Naomba uniachie nimwonyeshe mtu mmoja. Kuna mama hapo nje, muuguzi ameniambia, anataka kuacha dawa kwa sababu ya joto hili hili. Nikimwambia wewe umevumilia na sasa unalala, atanisikia."

Aliinama kuandika. Na alipoinama, koti lake lilijikunja kifuani, mwanga wa dirishani ukalipata, na Bi Chaki akaona. Upande wa kushoto ulikuwa na mng'ao. Upande wa kulia ulikuwa umefifia, kidogo tu, na vistari vyake vilikuwa vinashuka pale vilipopaswa kupanda. Kola ilikuwa imeketi vizuri. Vifungo vilikuwa vimefungwa sawasawa. Binti wa watu alikuwa amelivaa kila siku, amelifua, amelipiga pasi, na hakujua.

"Daktari," alisema, "hilo koti lako upande wa kulia ni mgongo wa kitambaa."

Daktari alijitazama. "Wapi? Sioni kitu."

"Huwezi kuona. Mimi ndiye niliyelikata. Niliyakata yote ya kushoto kwa sababu sikuwa nimelala siku tatu, tukageuza nusu yake, tukakunyamazia." Alilifungua kopo, akaliweka juu ya daftari. "Na hizo vyema usimwonyeshe mtu yeyote. Usimwonyeshe yule mama. Nimelala kwa sababu sijameza."

Vidonge vilikuwa vimepakwa vumbi la chaki, buluu na waridi, vimekuwa kama peremende za dukani. Daktari alilivuta kopo karibu. Bi Chaki alijiandaa kwa karipio; alikuwa na majibu ya makaripio ya namna zote.

"Ni vingapi?"

"Arobaini na vitatu."

"Nilikuuliza joto miezi yote hii," daktari alisema taratibu. "Ukisema lipo, nilikuwa naandika 'lipo'. Sikuwahi kukuuliza linakufanya nini." Alifunga daftari. "Kuna dawa ya kupunguza joto, si kwa kila mtu. Kuna aina nyingine ya vidonge tunayoweza kujaribu, nayo ina maumivu yake. Kuna wanaofundisha kulala upya, hatua kwa hatua, inachukua wiki nyingi."

"Nikimeza tena, nitalala?"

"Siwezi kukuahidi."

"Na nisipomeza?"

"Nisidanganye. Nafasi ya ugonjwa kurudi inapanda. Lakini hata ukimeza, kwamba hautarudi siwezi kukuahidi."

Yalikuwa maneno machungu, lakini hakukuwa na "vumilia" ndani yake, na Bi Chaki alimshukuru kwa hilo. Alipotoka alisimama mbele ya mwanamke wa kadi.

"Nilikudanganya. Joto langu halikuisha lenyewe. Niliacha dawa."

Mwanamke alimkazia macho, na jasho likimtiririka kwenye kidevu. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Sijui," Bi Chaki alisema. "Ila mwambie daktari kuhusu kile kijiko."

Jioni alimweleza mumewe, wakati amekwisha vaa sare na mkanda. Alimweleza yote kwa mpigo mmoja, kopo kwanza. Mumewe alilifungua daftari na kuanza kuhesabu kwa kidole vyema ambazo hazikuwa kweli, midomo ikichezacheza, mpaka akafika arobaini na tatu.

"Kila asubuhi," alisema. "Kila asubuhi nakuuliza, unanitazama usoni. Mimi nakesha nje nikikuombea, kumbe wewe unanichezea."

"Unakesha?"

"Kazi yangu ni nini?"

"Mizunguko ya leo umekwisha ijaza, au bado?"

Alisema hivyo na akaona uso wa mumewe ukishuka, kama pazia lililokatika kamba. Aliichukua tochi, akaliacha daftari la zamu pale mezani, akatoka bila kuaga. Bi Chaki alilifunga lile daftari la vyema. Kisha alimeza kidonge, peke yake, kwa maji ya bomba, na hapakuwa na mtu wa kuandika.

Walikaa siku kadhaa wakizungumza kwa mafungu ya maneno matatu matatu. Ile dawa ya kupunguza joto ilimpa kizunguzungu na haikumpa lingine. Daktari alimwambia aipe muda. Siku ya kumi na moja, akiwa mezani, aliliona joto linakuja. Alilijua kwa mwasho wa kovu, kabla halijafika shingoni. Aliweka mkasi chini mpaka likapita, uso ukimtiririka mbele ya cherehani tisa zote, na safari hii hakukimbilia chooni. Kisha alichukua karatasi zake za kukatia, zile zilizokaa mikononi mwake miaka ishirini na mitatu bila doa, na kwa herufi kubwa, upande mmoja akaandika KUSHOTO, akazigeuza, upande wa pili akaandika KULIA. Chaki ilivunjika mara mbili. Vifungo aliona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaifunga mashine ya mdomo. Madamu naye aliona kupitia kioo chake. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Bi Chaki hakujua ni siku ngapi zimebaki kabla ya stuli ya mlangoni.

Usiku ule joto lilimwamsha saa saba, likamwamsha saa nane na nusu. Alibadili gauni. Alifungua dirisha, akalifunga. Saa tisa alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani ambako saruji ilikuwa na ubaridi, simu ilipolia.

"Uko macho?" mumewe aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza yasiyo ya lazima tangu jioni ile.

"Niko macho."

"Na mimi niko macho. Nazunguka." Akasita. "Nimeona nikupigie huku nazunguka. Usikate."

"Sikati."

Bi Chaki alibana simu sikioni, na jasho likapenya kati ya shavu na kioo chake. Kule upande wa pili ilisikika kokoto chini ya buti: kwacha, kwacha, kwacha, taratibu, kwa mwendo mmoja. Bi Chaki alifumba macho. Alisikiliza kwa umakini wa mtu anayepitisha kiganja juu ya kitambaa kutafuta uso na mgongo, kama hatua zile zinasogea mahali, zinapita ukuta, zinafika geti la nyuma, au kama zinapigwa papo hapo, mbele ya kile kiti cha plastiki. Alisikiliza muda mrefu. Hakuweza kutambua, na hakuuliza.